Hela ya korosho imeingia, na swali la kwanza ni "Fulani kapata ngapi?"

Karani wa Mizani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni karani kwenye chama cha msingi cha ushirika huku uwanda wa Makonde, Mtwara. Gunia linapanda kwenye mizani, nasoma kilo, naandika stakabadhi, linashuka, linapanda jingine. Kijiji sikitaji, maana huku tunajuana mpaka kwa kikohozi.

Kuna jambo naliona kila msimu na humu sijaona likijadiliwa. Mkulima akishaingiziwa malipo yake baada ya mnada, ungetegemea aje kuuliza mjengeko wa bei, akatwe nini, abakiwe na nini. Wengine huuliza. Lakini wengi wanaegemea dirisha, wanashusha sauti: "Karani, na fulani kapata ngapi?" Nikisema hiyo ni siri ya mwenyewe, anacheka, anakwenda kumdodosa mke wa fulani kisimani. Nimeona mtu kaingiza milioni nane na uso umekunjamana kama aliyefiwa, kisa shemeji yake kaingiza kumi na moja. Mwezi mmoja nyuma mtu huyohuyo alikuwa anakopa sukari.

Mnaikumbuka 2017/18? Bei ilipogusa elfu nne kwa kilo, huku kusini zikazaliwa hadithi za mbuzi kunyweshwa bia. (Huyo mbuzi mimi sikumwona, na kila ninayemuuliza anasema alikuwa kijiji cha pili.) Pikipiki mpya niliziona, masofa yenye nailoni bado niliyaona, na wake wa pili niliwaona. Msimu uliofuata wanunuzi wakaja na bei za chini, wakulima wakagoma kuuza, Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua zote kwa 3,300 na jeshi likaingia kusomba. Baada ya hapo bei ikashuka miaka kadhaa. Oktoba 2024 mnada wa kwanza ukapita tena elfu nne, na masofa yakarudi.

Sasa fikirini. Korosho zetu nyingi zinaondoka ghafi, zinakwenda India na Vietnam. Bei inapangwa na watu wasiojua Mahuta iko upande gani wa dunia. Kama wewe umejiona mtu kwa sababu kilo ni elfu nne, siku ikiwa elfu mbili wewe ni nusu mtu? Mimi nimewaona kwa macho watu walewale wakitembea kifua mbele msimu mmoja na msimu unaofuata wanapita njia ya nyuma ili wasionekane na wenzao. Shamba ni lilelile, mikono ileile.

Na mashindano hayaishii kwenye kilo. Angalieni siku ya kuwatoa wali, yaani vijana waliokuwa wakifundwa. Zamani unyago na jando vilikuwa kazi ya kijiji kizima: huyu analeta unga, yule kuni, nyakanga na ngariba wanajulikana, ngoma inapigwa na wajomba. Leo mzazi anakodi spika kubwa kuliko za jirani, mpiga video anatoka mjini, na mtoto anatuzwa noti mbele ya kamera. Mwezi wa pili baba yuleyule anamfuata mnunuzi wa kangomba, yule wa nje ya mnada, anauza korosho ambazo bado ni maua. Mtoto mwenyewe ukimuuliza alifundwa nini, anakuonyesha video.

Nije kwa mtu aliyenifanya niandike. Kuna mzee hapa kijijini, kazi yake ni kubebesha mikorosho. Unao mkorosho mkongwe umeacha kuzaa, anaukata kisha anaubebesha vikonyo vya aina bora, zile zinazotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele. Yeye mwenyewe ana miti michache, kwenye mizani yangu hafikishi gunia za kutajwa. Lakini ukipita naye barabarani hamfiki. "Huu wa marehemu mzee fulani niliubebesha, unaona ulivyoshika? Ule pale nilikataa, nikamwambia mwenyewe subiri mvua, akaita fundi mwingine, ona ulivyokauka." Anabishana na vijana kuhusu kisu kana kwamba wanagombea urithi.

Msinielewe vibaya. Simleti hapa kama yule maskini mwenye furaha wa kwenye mahubiri. Mzee anatoza, na usipomlipa anakuja na fimbo mlangoni. Hela anaitaka. Ila sijawahi kumsikia akiuliza fulani kapata ngapi. Anauliza mti wa fulani umezaa ngapi.

Nimelitafakari sana hilo. Nadhani watu wanaoonekana kutulia wana kazi ambayo mwisho wake kuna mtu wanayemjua kwa sura na jina, halafu kazi yenyewe ina ufundi usiokwisha, kila mwaka unajifunza kitu. Wanaohangaika mara nyingi kazi yao mwisho wake kuna tarakimu, na tarakimu ina tabia mbaya: daima kuna kubwa kuliko yako.

Pesa iwepo. Salfa ya kupulizia mikorosho msimu ujao, ada ya watoto, matibabu, chakula cha kukufikisha mavuno. Hapo sitaki ubishi. Swali langu ni kwa aliyekwishafika hapo: kinachokuamsha asubuhi ni nini?

Karibuni. Matusi muwe na kiasi, nina watoto.

Bwana Elfu Nne

Mkuu umeandika vizuri ila nikuambie ukweli. Hizi mada za "pesa si kila kitu" huwa zinapelekwa kwa maskini tu. Mbona huwaambii wanunuzi?

Mimi mzaliwa wa Nanyamba, sasa niko Mbagala. Nimekua tukiamka usiku wa manane kufuata maji bondeni, kwa sababu uwandani maji yako chini sana. Nimesafiri enzi za kivuko cha Ndundu, mvua ikinyesha basi linalala Rufiji siku mbili, wagonjwa humohumo. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003 hakuna aliyesema "tulikuwa na furaha zaidi bila daraja". Pesa ndiyo iliyovuka mto ule. Mwenye njaa hana miiko, na hana muda wa kutafuta kusudi la maisha.

Na kwa kuwa mnapenda utafiti: mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton walisema raha ya kila siku huacha kupanda mtu akifika kipato cha dola kama elfu sabini na tano kwa mwaka huko Marekani. Dunia nzima ikashangilia, hasa matajiri. Mwaka 2023 Kahneman huyohuyo akakaa na mtafiti aliyempinga, Matthew Killingsworth, wakarudia hesabu: kwa watu wengi furaha inaendelea kupanda kadiri kipato kinavyopanda. Kinachogota ni kwa wale wachache ambao tayari wana huzuni kubwa. Wao pesa ikishafika kiwango fulani haiwasaidii tena. Kwa hiyo kasome tena.

Mtani wa Masasi

Uzi mrefu kuliko foleni ya mizani. Naweka mkeka.

Karani wa Mizani

Bwana Elfu Nne, nakubaliana na daraja na maji. Huo utafiti wa 2023 hata mimi nauona wa maana, na angalia ulichokiandika mwenyewe mwishoni: kuna watu ambao pesa inafika mahali inanyamaza. Mimi ninaowazungumzia ni hao. Yule wa milioni nane hakuwa na njaa, alikuwa na shemeji.

Kuna mchumi, Richard Easterlin, aliandika mwaka 1974 kwamba ndani ya nchi moja tajiri huwa na furaha kuliko maskini, lakini nchi nzima ikitajirika furaha ya watu haipandi kwa kiasi hicho, na sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba tunajipima kwa majirani. Wengine wamempinga hadi leo. Lakini angekaa dirishani kwangu msimu mmoja angepata mifano mingi.

Mzee wa Nachingwea

Wanangu, hamjambo.

Mimi nitawapa habari ya hesabu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga: Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Walikuwa na kila kitu, matrekta, wahandisi, mpango wa bandari mpya Mtwara, reli kutoka pwani mpaka huku. Walichohesabu ni tani za mafuta ya karanga zitakazofika Uingereza. Udongo hawakuuhesabu wala mvua, na waliokuwa wakilima hapa hawakuwauliza. Mwaka 1951 wakafunga hesabu, pauni milioni 36 zimepotea. Reli nayo mwanzoni mwa miaka ya sitini ikang'olewa. Wazee wetu waliendelea kupanda muhogo palepale pembeni ya tuta.

Nasema hivi kwa sababu vijana wa leo mnaishi kama mradi ule. Mna lengo la tani, hamjui mnalima udongo gani.

Na 2013 mnaikumbuka. Gesi ya Mnazi Bay ilijulikana tangu 1982, lakini ilipotangazwa bomba la kwenda Dar, Mtwara mjini kila mtu alikuwa na kiwanja cha kumuuzia mzungu. Nyumba za wageni zikaota kama uyoga. Kukawa na vurugu, watu wakapoteza maisha. Bomba lilizinduliwa 2015. Baadhi ya nyumba zile za wageni leo zinafugiwa kuku. Mwenye nyumba mmoja ni rafiki yangu. Ninavyomwona, kuku wale wamemchangamsha kuliko wageni aliokuwa akiwasubiri.

Mtani wa Masasi

Shikamoo mzee. Hao kuku wanauzwaje?

Mzee wa Nachingwea

Marahaba. Njoo na hela, usije na utani.

Mama Mwani

Kaka karani, nimekusoma mpaka mwisho, na nina neno.

Unasema mtu anatulia kazi yake ikiwa na watu wanaomhitaji. Hiyo ni hesabu ya mwanaume. Mimi niko pwani ya Lindi, nalima mwani. Kuhitajika? Nahitajika tangu adhana ya alfajiri. Mume ananihitaji, watoto wananihitaji, mama mkwe, wagonjwa wa ukoo, shughuli ikitokea mimi ndiye wa sufuria. Watu mwishoni mwa kazi yangu ninawajua kwa sura na kwa majina na kwa saizi ya viatu. Kama kuhitajika kungekuwa ndiyo utulivu, wanawake wa kusini tungekuwa malaika.

Nikuambie kinachonifanya nipumue. Bamvua likifika, maji yakatoka mbali, tunashuka akina mama na kamba zetu kwenda kufunga mwani. Bei ya mwani usiiulize, ni ndogo. Lakini kule hakuna anayeniita mama fulani. Tunaitana kwa majina yetu ya utotoni, tunasemana, tunaimba nyimbo ambazo hapa siwezi kuziandika. Simu imebaki nyumbani. Maji yakianza kurudi, moyo unaanza kukunjika tena.

Kwa hiyo kwenye orodha yako ongeza: sehemu ya siku ambayo mtu hahitajiki na yeyote.

Fundi Mpingo

Dada Mama Mwani 🙌

Karani wa Mizani

Dada, nimekaa na hili neno lako tangu jana. Nikamrudia yule mzee wa kubebesha, nikamtazama kwa jicho lako. Mtu akija anamwambia "kesho". Akichoka anasema "mwakani". Yeye anahitajika, lakini ufunguo wa mlango uko mfukoni mwake. Wewe unahitajika na mlango hauna hata komeo. Hivi ni vitu viwili na mimi nilivichanganya kwenye kapu moja.

Na hapa Bwana Elfu Nne anapata pointi yake, japo kwa mlango mwingine. Ili uweze kusema "kesho", lazima uwe na unga wa leo. Mzee ana akiba, ndiyo maana anaweza kukataa mti usiofaa. Asingekuwa nayo angekata miti yote wakati wa kiangazi na kuiua, huku akijua.

Bwana Elfu Nne

Haya, sasa tunaongea lugha moja. Mimi sijawahi kusema hela ni mungu. Nasema hela ni uwezo wa kukataa. Pale Mbagala nina bosi ambaye kila siku natamani kumwambia "kesho".

Fundi Mpingo

Niongeze la kwetu. Nachonga vinyago, baba alichonga, babu alichonga. Mnakijua kinyago cha ujamaa, gogo moja la mpingo lenye watu wamebebana, mmoja juu ya mwingine, mzee chini, watoto juu, na wote wametoka kwenye mti mmoja bila kuunga. Kazi moja kubwa inaweza kula miezi. Mpingo wenyewe kukomaa vizuri ni kama miaka sabini hadi mia, kwa hiyo ukikosea patasi umeharibu kitu kilichoanza kabla hujazaliwa.

Soko linataka nini? Tembo wadogo, Mmasai mwenye mkuki, vijiko vya saladi. Ninavichonga, sioni aibu, ndiyo ada ya watoto. Naviuza kwa mafungu, wala sikumbuki kimoja na kingine. Lakini pembeni ya kibanda nina gogo moja ninalolichonga polepole, halina mteja. Wenzangu wananicheka: hilo utamuuzia nani? Sijui. Asubuhi nikifika ndilo ninaloliangalia kwanza, jana niliishia wapi, huyu wa katikati mkono wake unashika nini.

Kitu kimoja napingana na karani. Unasema mwishoni mwa kazi lazima kuwe na mtu unayemjua. Mimi gogo langu halina mtu mwishoni. Labda lina watu mwanzoni, baba na babu. Inatosha.

Halafu mashindano nayo msiyatukane yote. Baba alijifunza kwa kushindana na kaka yake nani anachonga vidole vyembamba zaidi. Wakikaa kivuli kimoja, kila mmoja anachungulia kazi ya mwenzake. Hayo yaliwafanya mafundi. Shida inaanza mnaposhindana kwa kitu ambacho mikono yenu haikukitengeneza.

Mzee wa Nachingwea

Hata ngoma ya sindimba ilikuwa mashindano. Mtu alitaka kijiji cha pili kijue nani anaucheza. Hakuna aliyelala na deni.

Dogo wa Boda

Wakuu, mimi nina miaka 26, nina shahada ya ualimu, ajira sijapata, naendesha boda Tandahimba mjini. Nimesoma maoni yote. Ninyi wengi mna kitu tayari: mzee ana kisu, fundi ana gogo, mama ana bahari. Mimi kila nikifungua simu naona niliosoma nao, huyu kanunua gari, huyu yuko Dodoma na tai shingoni. Usiku hesabu ya bosi wa pikipiki haijatimia. Hilo kusudi mimi naanzia wapi? Msiniambie "fuata moyo wako". Moyo wangu unataka kulipa kodi ya chumba.

Mtani wa Masasi

Dogo kauliza swali la mtihani. Nakunja mkeka nikae vizuri.

Mama Mwani

Mwanangu, kwanza hiyo simu iache nyumbani saa mbili tatu kwa siku. Sikuhubirii, nakwambia kinachonisaidia.

Bwana Elfu Nne

Dogo, mimi nikujibu kama mtu wa hesabu. Kuna utafiti wa Harvard unaofuata watu tangu 1938, miaka yote hiyo wanawapima afya, kazi, ndoa. Walichokiona ni kwamba uhusiano wa karibu na watu unatabiri afya na utulivu wa uzeeni kuliko mali au sifa. Nakwambia hili japo naonekana mpenda hela. Nilipokuja Dar nilikaa miaka mingi bila kumpigia mtu simu mpaka niwe "nimefika". Hakuna kufika. Kuna kituo kinachofuata. Wewe kaa karibu na watu wako wakati unatafuta, usisubiri upate kwanza.

Karani wa Mizani

Dogo, mimi nina jambo la vitendo. Kwenye daftari langu wapo wazee na wajane wengi wenye mikorosho mizuri inayopotea kwa ugonjwa wa ubwiri unga. Salfa ya ruzuku wanapewa. Tatizo ni nguvu ya kubeba mashine alfajiri kabla upepo haujaamka, na kurudia raundi baada ya raundi msimu wote wa maua. Kupogoa nako hawawezi, kupanda mtini kunawashinda. Kuna vijana wawili hapa wanafanya hiyo kazi, nusu wanalipwa mwanzoni, nusu baada ya mnada. Wamezidiwa. Wewe ni mwalimu, unaweza kuandika kila shamba lina miti mingapi, umepulizia lini, mti gani umezaa. Mpaka sasa hakuna anayeandika. Baada ya misimu miwili mitatu utakuwa na daftari ambalo hata watu wa Naliendele watataka kuliona.

Siahidi kwamba utapata kusudi la maisha. Utajifunza kitu, na watu watakujua kwa jina.

Dogo wa Boda

Mashine sina.

Bwana Elfu Nne

Mashine ninayo. Iko Nanyamba kwa mama, imelala tangu ndugu yangu aondoke. Mama ana mikorosho sitini hivi, mwaka jana nusu yake ilipukutisha maua kwa sababu hakuna wa kupulizia. Mimi niko huku Mbagala nabishana mtandaoni kuhusu bei.

Dogo wa Boda

Mafuta ya mashine anaweka nani?

Bwana Elfu Nne

Mafuta yangu, salfa anayo mama. Malipo nusu mwanzo, nusu korosho zikiuzwa. Ukimaliza kwa mama, mashine tembea nayo kwa majirani, kila mti unipe kidogo cha matengenezo.

Dogo wa Boda

Kidogo ni shilingi ngapi? Tuandike hapahapa watu waone.

Mtani wa Masasi

Huyo ndiye mwalimu! Karani kuwa shahidi.

Bwana Elfu Nne

Nitakutumia ujumbe pembeni, bei za biashara hatuweki hadharani 😂. Ila jua mama anaamka saa kumi na anataka mtu aliyefika. Chakula cha mchana ni ugali wa muhogo, na msimu wa ming'oko, vile viazi vya porini, utakula ming'oko. Ukichelewa anafunika sufuria.

Mama Mwani

Na huyo mama mpumzisheni na yeye. Dogo, ukimaliza kula osha sahani yako.